Bwawa Dogo la Shambani: Tengeneza Njia ya Maji Kwanza

Ndugu wakulima, somo la mwezi huu ni juu ya bwawa dogo la udongo, lile ambalo mtu huliziba mwenyewe katika bonde la shamba lake. Wengine huliita lambo, na huko Ukambani utasikia likiitwa silanga. Bwawa la namna hii ni mali. Ng'ombe hunywa hapo, mboga hunyweshwa wakati wa kiangazi, samaki hupatikana, na jioni kazi ikiisha watu wa nyumbani huketi chini ya mti kando ya maji na kupumzika. Siku hizi wako hata wakulima wanaotengeneza bwawa kwa ajili ya mapumziko hayo hasa, ili wageni waje kuvua samaki kwa ndoana na kulipa kitu kidogo.

Hayo yote ni mema. Lakini bwawa si kama ghala. Ghala ikijaa mahindi, mahindi hukaa mahali pake. Bwawa likijaa, maji mengine yanazidi kuja kutoka mlimani, nayo lazima yapite mahali. Kama hukuyapa njia, yatajichagulia, na njia yatakayochagua ni juu ya ukuta wako. Udongo uliojengwa kwa miezi waweza kuliwa na maji kwa muda wa saa moja tu.

Tusidhani kwamba ni maneno ya kutisha watu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba la mtu binafsi lilipasuka katika majira ya mvua nyingi. Maji na matope yaliteremka na kupita katika makao ya watu waliokuwa nyumbani mwao. Watu zaidi ya 40 walikufa, na watoto walikuwamo. Bwawa lile lilikuwa kubwa kuliko haya tunayoyazungumza leo, lakini maji makubwa na maji madogo hufuata desturi moja.

Kwa hiyo yashikeni maneno haya, maana ndiyo somo lenyewe: kabla hujafikiri jinsi ya kuyazuia maji, fikiri kwanza jinsi ya kuyaachia.

KUCHAGUA MAHALI

Mahali pazuri ni bonde jembamba ambalo juu yake pamepanuka kama sahani. Hapo ukuta mfupi huzuia maji mengi. Mteremko wa bonde usiwe mkali sana, maana bonde kali hutaka ukuta mrefu kwa maji machache.

Pima udongo kabla ya kitu kingine. Chimba mashimo kadhaa, mahali pa ukuta na mahali maji yatakapolala. Chukua udongo kidogo wa chini, utie maji, uufinyange mkononi kama unga wa ugali. Ukiweza kuuviringisha ukawa kama kidole kirefu chembamba bila kukatika, basi una mfinyanzi wa kutosha. Ukivunjikavunjika, ni mchanga, na bwawa litavuja. Tena jaza shimo moja maji jioni, lifunike, ulitazame asubuhi. Maji yakiwa yameshuka kidogo tu, kuna tumaini.

Angalia sana udongo mweusi wa mbugani. Ukiwa na maji huvimba na kuziba vizuri, lakini ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Ukuta uliojengwa kwa udongo huo peke yake hupasuka kiangazi, na mvua ya kwanza huingia katika nyufa hizo. Usijenge pia juu ya kichuguu, wala juu ya mwamba uliopasuka.

Mwisho, simama mahali pa ukuta, uligeukie bonde upande wa chini, utazame. Je, kuna nyumba? Kuna shule, barabara, kisima, boma la jirani? Kama ukuta ukivunjika usiku, maji yatapita mlangoni kwa nani? Ikiwa jibu ni mlango wa mtu yeyote, tafuta mahali pengine, au usianze kabisa mpaka mtaalamu wa maji apatazame.

HESABU YA MAJI

Tuchukue mfano. Mkulima fulani ataka bwawa ambalo upana wa maji kwenye ukuta ni mita 40, kina cha juu kabisa ni mita 3, na maji yatarudi nyuma bondeni mita 90. Kwa kukadiria, zidisha hesabu hizo tatu kisha ugawanye kwa 6. Yaani 40 mara 3 mara 90 ni 10,800. Gawanya kwa 6, unapata mita za ujazo 1,800. Hizo ni lita 1,800,000.

Mkulima huyo ana ng'ombe 10 wa kienyeji. Tuseme kila mmoja hunywa lita 25 kwa siku. Katika kiangazi cha siku 120 watakunywa lita 30,000, yaani mita za ujazo 30 tu. Atafurahi na kusema, "Maji haya yatanitosha miaka!"

Lakini kuna mnywaji mwingine ambaye hakuhesabiwa, naye ni jua. Katika nchi ya joto, jua na upepo huweza kuchukua karibu milimita 6 za maji kila siku kutoka juu ya bwawa. Kwa siku 120 hiyo ni sentimita 72. Kina cha mita 3 kitakuwa mita 2.28. Na kwa kuwa bwawa ni pana juu na jembamba chini, kushuka huko si kudogo kama kunavyoonekana. Ukifanya hesabu, utaona kwamba zaidi ya nusu ya maji imekwenda, na zilizobaki ni mita za ujazo kama 790. Ng'ombe walikunywa 30. Jua lilikunywa zaidi ya 1,000.

Tunajifunza nini? Kwamba bwawa lenye kina hushinda bwawa lililotandaa. Maji mapana yanayofika magotini hupendeza macho mwezi wa Mei, na mwezi wa Septemba ni matope. Ukitaka samaki na mahali pa kupumzika mwaka mzima, chimba ndani uongeze kina, na udongo unaoutoa utumie katika ukuta kama ni mzuri.

NJIA YA MAJI YA ZIADA

Sasa tumefika penye uhai wa bwawa. Tuseme bonde linaloleta maji kwa mkulima wetu lina ukubwa wa hekta 20. Siku moja yanyesha milimita 50 kwa saa moja, jambo ambalo si geni katika nchi yetu. Nusu ya mvua hiyo inazama ardhini, na nusu inateremka. Hesabu: hekta 20 ni mita za mraba 200,000. Mara 0.05 ni mita za ujazo 10,000. Nusu yake ni 5,000.

Bwawa lake lote huchukua 1,800. Basi mvua ya saa moja tu imeleta karibu mara tatu ya bwawa zima! Na kama bwawa lilikuwa limejaa tayari, hizo 5,000 zote zataka kupita. Ndiyo sababu hatuwezi kusema, "Bwawa langu ni dogo, halihitaji njia ya ziada." Bwawa likiwa dogo ndipo linapoihitaji zaidi, maana hujaa upesi.

Njia hii ichimbwe kando ya ukuta, katika ardhi ya asili ambayo haijachimbuliwa, si katika udongo wa ukuta wenyewe. Sakafu yake iwe sawa kabisa kwa pimamaji, isiwe na mwinamo wa upande, ili maji yapite mapana na membamba bila kukata mfereji. Chini ya mdomo wake yaongozwe polepole mpaka yarudi katika mkondo mbali na mguu wa ukuta. Panda nyasi zitambaazo, kama ukoka au nyasi za Kikuyu, ziote na kushika kabla ya mvua.

Upana je? Mvua ya mfano wetu yaleta karibu mita za ujazo 1.4 kila sekunde. Njia ya upana wa mita 10, maji yakipita kwa kina cha sentimita 30, hupitisha karibu 2.8. Wengine watasema huo ni upana wa kupita kiasi. Sivyo. Mvua haishuki sawasawa saa nzima. Katikati huwa na dakika chache za kumwaga sana, na hizo ndizo huvunja kuta.

MAKOSA MAWILI YA MWENYE SAMAKI

Mtu aweza kujenga vizuri, kisha akaharibu kwa mkono wake mwenyewe. Yapo makosa mawili ambayo huja baadaye, bwawa likisha kuwa zuri na mwenyewe akilipenda.

La kwanza ni wavu. Mwenye samaki huona samaki wake wakitoka na maji ya mvua, anahuzunika, anafunga wavu au waya kukata njia ya ziada. Mvua kubwa inakuja na majani, matawi na mabua ya mahindi. Takataka hizo zinashika kwenye wavu, na kwa dakika chache njia yote imezibwa kama kwa mlango. Maji yanapanda, yanapita juu ya ukuta, na asubuhi hakuna samaki, hakuna bwawa. Ni heri upoteze samaki 50 kuliko kupoteza yote pamoja na nyumba ya jirani.

La pili ni magunia ya mchanga. Kiangazi kilichopita maji yalipungua, basi mkulima asema, "Mwaka huu nitainua mdomo wa njia kwa nusu mita nipate maji zaidi." Kumbe nusu mita hiyo ameiondoa katika usalama wa ukuta wake. Ukitaka maji zaidi, chimba chini. Usiinue mdomo.

Jambo hili la kuzibika si la mabwawa peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya reli kwa sababu njia ya maji iliyo chini yake ilikuwa imezibwa na takataka. Yalipobomoa kizuizi hicho yaliteremka na kuua watu zaidi ya 40. Hapo hapakuwa na mtu aliyekusudia kujenga bwawa. Njia ya maji iliyozibwa hujigeuza bwawa yenyewe, tena bwawa baya kuliko yote, maana halina mwenye kulichunga.

KUJENGA UKUTA

Ondoa kwanza nyasi, mizizi na udongo wa juu wenye mboji mahali pote ukuta utakapokaa. Mizizi ikioza chini ya ukuta, huacha matundu, na maji hupenda matundu. Kisha chimba mtaro katikati, kutoka upande mmoja wa bonde hata wa pili, ushuke mpaka ufike udongo mgumu usiopitisha maji. Mtaro huo ujazwe mfinyanzi mzuri na kushindiliwa. Ndio mzizi wa ukuta. Ukiuacha, maji yatapita chini kama fuko.

Panda kwa tabaka. Mwaga udongo wa sentimita 15, uwe na unyevu kidogo, kisha ushindilie kwa kupitisha ng'ombe wengi au trekta mara nyingi, ndipo uweke tabaka jingine. Udongo mkavu haushikani, na udongo wa tope haushindiliki. Usikubali lori kumwaga rundo kubwa na kulisawazisha juu tu.

Vipimo vya mfano wetu ni hivi. Maji ya kawaida yana kina cha mita 3. Juu yake acha mita 1 kamili ya ukuta mkavu. Ukuta basi ni mita 4. Kwa kuwa udongo mpya hushuka, ongeza sehemu moja ya kumi, yaani sentimita 40. Juu ukuta uwe na upana wa mita 3. Upande wa maji, kwa kila mita 1 ya kwenda juu, uteremke mita 3 kwenda nje. Upande mkavu, mita 2 na nusu. Ukijumlisha kwa ukuta wa mita 4, chini utakuwa na upana wa mita 25. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, maana walifikiri ukuta ni kama wa nyumba. Ukuta wa bwawa ni mlima mdogo.

Ukitaka bomba la kupeleka maji kwenye birika la ng'ombe, jihadhari. Maji hupenda kufuata ngozi ya bomba ndani ya udongo na kulila taratibu. Bomba lizungushiwe kola za saruji, na udongo ushindiliwe kando yake kwa mkono. Kama hujui kazi hiyo, ni heri upitishe bomba la mpira juu ya ukuta na kuyavuta maji yateremke upande wa pili.

KUUTUNZA

Usiopoziba ufa utajenga ukuta, na hapa msemo huo una maana yake halisi. Kila wiki ya masika, na baada ya kila mvua kubwa, tembea juu ya ukuta na chini yake. Tazama haya:

1. Njia ya ziada iwe wazi. Ondoa matawi na takataka.
2. Miti isiote juu ya ukuta. Panda nyasi tu. Mti hupendeza kando ya bwawa, si juu ya ukuta.
3. Mashimo ya fuko na wanyama wengine yazibwe na kushindiliwa.
4. Ng'ombe wasipite juu ya ukuta kila siku, maana njia yao hugeuka kuwa mfereji.
5. Chini ya ukuta, angalia maji yanayotoka. Yakiwa kidogo na safi, weka alama na kuyatazama kila siku. Yakiwa na matope, ukuta unaliwa ndani. Usingoje asubuhi. Waondoe watu wote walio bondeni, mwarifu chifu, kisha ndipo ufikirie bwawa.

Na mashamba yaliyo juu ya bwawa yawe na matuta na majani. Mabwawa mengi ya zamani yalikufa si kwa kupasuka bali kwa kujaa mchanga. Udongo unaolijaza bwawa lako ni ule ule uliotoka katika shamba lako la mahindi.

BWAWA NA WATU

Penye maji watoto huenda. Zungusha ua, wa waya au wa miiba, na mlango ufungwe. Weka upondo mrefu kando ya maji, na jerikeni tupu lililofungwa kifuniko na kamba. Mtu akizama, mtupie jerikeni alishike, uvute. Usimrukie kama hujui kuogelea. Wengi wamekufa wawili badala ya mmoja. Kuta za ndani zenye utelezi na mashimo makali ndizo hatari kubwa, kwa hiyo pande za kuketi ziteremke polepole.

Kichocho hukaa katika maji yaliyotuama yenye konokono, pale watu wanapojisaidia ndani ya maji au karibu nayo. Jenga choo mbali na bwawa, kata magugu ya ukingoni, na ng'ombe wanyweshwe nje katika birika. Maji ya kuoga yakitekwa na kukaa siku 2 katika chombo kisicho na konokono, wadudu wa kichocho hufa. Mtoto akikojoa damu, apelekwe hospitali, dawa iko.

Mbu huzaa katika majani ya ukingoni. Ukingo safi pamoja na samaki wanaokula viluwiluwi hupunguza sana mbu. Ngege hufaa, lakini huzaana mno mpaka wote wakawa wadogo. Kambare wachache hula vifaranga hivyo na kuwaacha wengine wakue.

KABLA YA KUANZA

Ukitaka kuuziba mkondo, hata ule unaotiririka wakati wa mvua tu, enda kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yataka uwe na kibali. Uliza pia NEMA kuhusu mazingira. Wako wanaoona kibali kama usumbufu. Lakini yule afisa anayekuja kupima ukuta anakuja kwa ajili ya jirani yako wa chini, ambaye hakuulizwa kama anataka maji elfu moja na mia nane yakining'inia juu ya kitanda chake. Basi mwulize wewe mwenyewe. Mwite, mwonyeshe ukuta, mwonyeshe njia ya ziada, mpe namba yako ya simu. Jirani anayelijua bwawa atakuwa macho ya pili ya kulichunga.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Bwawa lina upana wa mita 30, kina cha mita 2, na maji yarudi nyuma mita 60. Lina mita za ujazo ngapi?
2. Kwa nini njia ya ziada isichimbwe katika udongo wa ukuta?
3. Mwenye samaki afanyeje badala ya kufunga wavu katika njia ya ziada?
4. Katika mtaa wenu, ni bwawa gani lililo juu ya nyumba za watu? Nani alilitazama mara ya mwisho, na lini?

Jibu la swali la kwanza ni 600. Jibu la swali la nne halimo katika gazeti hili. Inukeni mkatazame kabla ya mvua.